Kasri la malkia aliyefiwa

*Safu ya Babu Baharia: maswali ya wasomaji na majibu yake*

Shikamoo Babu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Mwaka juzi tulimzika mwanetu Idi, alikuwa na miaka 9. Aliugua siku 6 tu. Tangu hapo baba yake ana neno moja mdomoni: kujenga. Anataka jengo zuri la ghorofa lenye jina la mtoto, na ndani yake aweke viatu vya Idi, madaftari yake na baiskeli yake. Mawe ameshanunua. Kila nikimwambia tungoje kidogo, ananionyesha kwenye simu picha ya jumba jeupe lenye sanamu nyingi. Maandishi yanasema liko kisiwa cha Corfu, Ugiriki, na kwamba malkia mmoja alilijenga kwa ajili ya mwanawe aliyefariki. Ananiambia, "Unaona? Hata malkia." Dada yangu anasema habari za kwenye simu ni uongo mtupu. Naomba unijibu mawili. Ni kweli? Na kama ni kweli, lilimsaidia?
*Mama Zuhura*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na baba Zuhura. Miaka 2 kwa msiba wa mtoto ni jana jioni.

Nianze na dada yako. Mwambie safari hii simu haikudanganya sana. Jumba lipo, linaitwa Achilleion, na mimi nimelikanyaga. Ilikuwa 1984. Meli yetu ilikwama siku 4 bandarini Corfu, pampu imekufa na kipuri kinangojwa kutoka Piraeus. Siku ya pili mpishi wetu akanishika mkono tukapanda basi hadi kijiji cha Gastouri, kama kilomita 10 kusini mwa mji, kwa sababu alisikia kuna kamari. Kamari ilikuwepo kweli, ghorofa ya juu, lakini ya usiku. Mchana palikuwa makumbusho. Tukalipa kiingilio, mpishi akinung'unika kwamba amelipa pesa kutazama viti vya watu waliokufa.

Sasa, ni kweli? Nusu.

Mwenye jumba alikuwa Elisabeth, mke wa Franz Joseph, mfalme mkuu wa Austria na Hungaria. Nyumbani walimwita Sisi. Mwanawe wa kiume alikuwa mmoja tu, Rudolf, mrithi wa ufalme. Alikufa tarehe 30 Januari 1889, miaka 30, katika nyumba yake ya kuwindia pale Mayerling, kwenye misitu ya kusini-magharibi ya Vienna. Chumbani alikutwa na msichana wa miaka 17, Mary Vetsera, wote wamekufa kwa risasi, na bastola ilikuwa ya Rudolf. Ikulu kwanza ilitangaza kwamba ni moyo uliosimama. Baadaye ikabidi isemwe kuwa akili ilikuwa imemvurugika, ili kanisa likubali kumzika kwa heshima.

Lakini kiwanja cha Corfu Elisabeth alikichagua 1888, Rudolf yungali hai, pale palipokuwa na nyumba ya Mgiriki mmoja. Kisiwa alikijua tangu 1861, alipokwenda huko akiugua. Kigiriki alikuwa akijifunza kwa bidii. Na Achilles, yule shujaa wa hadithi za kale za Wagiriki, alikuwa kipenzi chake kabla ya msiba wowote wa Mayerling. Alichotaka ni nyumba ya kuwakimbia watu wa ikulu ya Vienna, ambao hakuwapenda nao hawakumpenda. Msiba ukaingia kabla ya ujenzi, na jumba lilipomalizika 1891 lilikuwa na maana nyingine. Kwa hiyo baba Zuhura akikwambia lilijengwa kwa ajili ya mtoto, mjibu kwamba lilianzwa kwa ajili ya mama, mtoto akaingia njiani.

Tena hakuwa wa kwanza. Binti yao mkubwa, Sophie, alifariki 1857 akiwa na miaka 2, wakiwa safarini Hungaria. Elisabeth mwenyewe ndiye aliyeshikilia wasichana wote wawili waende. Mdogo, Gisela, aliugua akapona. Mama wa miaka 19, na mama mkwe ambaye hakuitaka safari ile tangu mwanzo. Wewe unajua maneno gani yalisemwa, hata kama hayakuandikwa popote.

Rudolf alipozaliwa 1858, malezi yakashikwa na mama mkwe huyo huyo. Mtoto alipofika miaka 6 akapewa mwalimu wa kijeshi amtie ukakamavu. Bwana yule alikuwa akimwamsha kwa kufyatua bastola chumbani, na siku moja alimfungia kwenye bustani ya wanyama akampigia kelele kwamba nguruwe mwitu anakuja. Hapo Elisabeth alisimama. Mwaka 1865 alimwandikia mumewe barua: ama mambo ya watoto wangu yawe mikononi mwangu, ama tutaachana njia. Mwalimu akaondolewa. Nadhani ndiyo siku aliyokuwa mama wa Rudolf kuliko siku nyingine zote. Baada ya hapo akarudi kwenye safari zake na farasi zake, na mwanawe akakua mbali naye. Nakueleza haya kwa sababu ukiyajua, lile jumba unalitazama kwa jicho jingine.

Ngoja nikwambie na la usiku mmoja. Siku chache tu baada ya maziko, Elisabeth alitoka ikulu peke yake usiku, akaenda kwa watawa Wakapuchini, ambao chini ya kanisa lao ndiko wanakozikwa wafalme wa ukoo ule. Akamwamsha mtawa amfungulie. Akashuka peke yake hadi kwenye jeneza la mwanawe, akaita kwa sauti: Rudolf! Halafu akaita tena. Binti yake mdogo, Valerie, ndiye aliyeliandika hili kwenye daftari lake la siku. Mama alikuwa na imani kwamba roho inaweza kuja ikiitwa. Hakuna aliyekuja.

Basi twende Gastouri. Ukipanda ngazi za ndani ukatazama juu, ukutani kuna picha kubwa mno ya rangi, kazi ya Franz Matsch ya 1892. Achilles amesimama kwenye gari la farasi mbele ya kuta za mji wa Troy, ameinua juu kofia ya chuma ya adui yake, na nyuma ya gari anaburuta maiti ya Hector. Watalii wote walikuwa wakimshangaa Achilles, mabega yake, farasi wake. Mimi nilishindwa kumtoa macho huyo anayeburutwa. Huyo naye ni mtoto wa watu. Katika hadithi, baba yake, mzee Priam, anauona mchezo wote kutoka juu ya ukuta, na baadaye anakwenda usiku kupiga magoti mbele ya aliyemuulia mwana, aombe maiti akaizike. Na Elisabeth aliipita picha hiyo kila aliposhuka kwenda bustanini. Sijui mwanamke aliyefiwa anawezaje.

Nje, bustanini, kuna sanamu ya marumaru ambayo ndiyo roho ya pale. Ni Achilles anayekufa, kazi ya Ernst Herter ya 1884. Amelala kiubavu, mkono umeshika mshale uliomchoma kisigino, uso umeinuka. Hadithi yake unaijua: mama yake, Thetis, mungu wa bahari, alimchovya mtoto katika maji ya kuzimu asidhurike, lakini alimshika kisigino, na pale aliposhika ndipo maji hayakufika. Mauti yakapitia mahali palepale mkono wa mama ulipokuwa. Ukienda kwenye vyombo vya mezani vya Elisabeth, vijiko, sahani, hata mashuka, utakuta alama ya pomboo mwenye taji. Pomboo ni mnyama wa Thetis. Nyumba nzima ilikuwa ikimwambia yeye ni nani, mpaka kwenye uma wa kulia nyama.

Rudolf naye aliwekewa sanamu yake bustanini, kazi ya mchongaji Antonio Chiattone. Kwa hiyo yule aliyeandika maneno ya kwenye simu ya mumeo hakutunga yote.

Lilimsaidia? Hapana, mwanangu. Nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Haikupita miaka mingi Elisabeth akalichoka, akaanza kusema liuzwe, vyombo vya fedha vikarudishwa Vienna. Mumewe alimsihi asifanye haraka, watu watashangaa. Nguo za rangi na vito aligawa, akabaki na nyeusi. Akawa mtu wa meli na treni, leo Algeria, kesho Uswisi, anatembea saa nyingi kwa miguu mpaka wahudumu wake wanachoka. Tarehe 10 Septemba 1898, ufukweni mwa ziwa pale Geneva, mtu aitwaye Luigi Lucheni alimchoma tupa ya kunolea kifuani. Gisela, yule aliyepona 1857, akalirithi jumba ambalo mama yake mwenyewe hakulitaka tena.

Na baada ya hapo? Mwaka 1907 likanunuliwa na Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani. Ndiye huyo huyo ambaye bendera yake ilikuwa ikipepea Tanganyika. Yeye alikuja na Achilles mwingine kabisa, wa shaba, mrefu, amesimama na mkuki na ngao, mshindi. Alimweka mahali pa kuonekana hadi baharini. Achilles wa mama yupo bado, lakini mgeni asiyejua huanza kupiga picha na yule wa Kaizari. Vita vya kwanza, jumba likawa hospitali ya wanajeshi. Vita vya pili, hospitali tena. Mwaka 1962 wakaingiza meza za kamari. Jumba la msiba, na juu yake mpishi wetu anatafuta bahati.

Lakini Rudolf alikuwa na baba pia, na habari yake haipo kwenye simu ya mumeo.

Franz Joseph hakuwa mtu wa sanamu. Alikuwa mtu wa kuamka saa 10 alfajiri na kukaa mezani na mafaili, na aliendelea hivyo hadi alipofariki 1916, miaka 27 baada ya mwanawe. Watu wanasema alikuwa baridi. Lakini Mayerling, ile nyumba ya kuwindia, hakuiuza wala hakuivunja yote ili asiione. Alivunja chumba. Mahali kilipokuwa chumba cha mauti akajenga kanisa, altare ikawekwa pale kilipokuwa kitanda. Nyumba iliyobaki akawapa watawa wa Karmeli, wanawake, kwa sharti la kumwombea mwanawe. Watawa wapo mpaka leo. Himaya imekufa, ukoo umepoteza kiti, Austria imekuwa jamhuri, na bado asubuhi kuna wanawake wanaoamka na kuliombea jina la Rudolf.

Wazazi wawili, mtoto mmoja, majengo mawili. Sisemi baba alimpenda zaidi. Mimi nikiulizwa lipi zuri kwa macho, ni la mama, bila ubishi. Lakini la mama lilijaa vitu, na vitu havimjui mtu. La baba liliwekewa kazi ya kila siku.

Basi mwache baba Zuhura ajenge, usimzuie. Mwanaume aliyeshika mwiko wa saruji walau ana kitu mkononi. Ila muulize swali moja kabla hajaanza msingi: Jumanne, saa 4 asubuhi, nani atakuwa ndani ya jengo hilo, na anafanya nini? Akikujibu "viatu na baiskeli", mwambie ajenge dogo. Akikujibu kuna watoto wanasoma, kuna mama anapima uji, kuna mtu anashona, basi hata ghorofa mbili mpe. Na baiskeli, kama ni yangu, ningempa mtoto wa umri wa Idi aiharibu kwa kuipanda. Hilo la baiskeli ni wazo langu tu, usigombane naye kwa ajili yake.

Nimesema hivyo, na mimi nina kofia ya sufi. Binti yetu alifariki akiwa na miezi 7, mimi niko baharini. Telegramu ilinifikia siku ya 11. Nilipofika nyumbani wanawake walikuwa wameshagawa kila kitu, kwa nia njema, ili mke wangu asivione. Niligomba na shangazi zangu wote siku ile, naona haya hadi leo. Kofia ilikuwa imeangukia nyuma ya kabati. Ipo kwenye kopo la chai, na kopo lipo kwenye sanduku langu la meli. Haifanyi kazi yoyote Jumanne asubuhi. Kwa hiyo jozi moja ya viatu muachieni jamani.

Babu, kuna watu wanaosema Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani kilijengwa kwa sababu ya mtoto aliyekufa, na kwamba wazazi walikwenda kwanza Harvard wamevaa nguo kuukuu wakafukuzwa. Nimeisikia hata kwenye mahubiri. Kuna ukweli?
*Mwalimu wa zamu*

Mwalimu, nimeiweka barua yako hapa kwa sababu inakaa vizuri na ya Mama Zuhura. Sehemu ya mtoto ni kweli tupu. Leland Stanford mdogo alikufa kwa homa ya matumbo mjini Florence, Italia, tarehe 13 Machi 1884, imebaki miezi 2 atimize 16. Alikuwa mtoto wa pekee, na wazazi walimpata wakiwa wameoana miaka 18. Chuo kilifunguliwa 1891, na jina lake kamili la kisheria hadi leo ni Chuo Kikuu cha Leland Stanford Junior. Hiyo "Junior" inawafanya wageni wadhani ni chuo cha wanafunzi wadogo, kumbe ni jina la marehemu.

Sehemu ya nguo kuukuu ni hadithi. Baba alikuwa tajiri wa reli, amewahi kuwa gavana wa California. Harvard walikwenda, wakazungumza na mkuu wa chuo, wakapokewa kama wanavyopokewa watu wenye pesa. Ninachokipenda mimi kipo mbele zaidi, nacho hakisikiki kwenye mahubiri: baba alifariki 1893, chuo kina miaka 2 tu, mali zake zikafungwa na kesi. Mama, Jane Stanford, akapunguza watumishi wa nyumbani kwake na posho yake mwenyewe ikalipa mishahara ya walimu, miaka kadhaa, mpaka kesi ikaisha.

Harvard nao wana la kwao. Harry Widener, kijana wa miaka 27 mpenda vitabu, alizama na Titanic 1912. Mama yake alikuwa kwenye mashua ya kuokolea watu. Maktaba kuu ya Harvard, iliyofunguliwa 1915, ni ya jina la kijana huyo. Ndani yake kuna chumba cha vitabu vyake mwenyewe, na mezani huwekwa maua mabichi.

Babu, mbona magazeti yanachanganya? Mara ngome, mara kasri, mara jumba. Hilo la malkia ni lipi?
*Mpenda lugha*

Ngome ni ya vita. Ina kuta nene na tundu za mizinga, kama Ngome ya Yesu. Mwenye nayo anaogopa watu. Kasri ni makazi ya mtawala, na neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Mwenye nalo anataka aonekane. Jumba ni nyumba kubwa ya mtu yeyote mwenye uwezo. Mayerling, kabla ya msiba, ilikuwa nyumba ya kuwindia tu, hata kama Wajerumani huipa jina lenye fahari zaidi.

Achilleion ni kasri. Mpishi wetu aliliita jina jingine kabisa, lakini yeye alirudi peke yake usiku ule, akapanda ghorofa ya juu na mshahara wa wiki 2, akashuka na nauli ya basi. Jina hilo mhariri hatalichapa.